Picha ya Bafu Langu Mtandaoni

Niliiona picha ya bafu langu kwenye simu ya mtu mwingine, saa sita na nusu mchana, nikiwa na sandwichi mdomoni.

Juu yake pameandikwa: IMEUZWA.

Mimi ni mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno hapa Halifax. Mchana, starehe yetu wanawake wa pale ni moja: kuchungulia mtandaoni nyumba za watu zinazouzwa. Hatununui. Tunasema tu vibaya mazulia yao.

Siku hiyo mwenzangu Glenys akanisogezea simu.

"Bev, hebu cheki bafu hili. Radieta kali hiyo."

Nikacheki. Radieta ya ukutani ya kupasha bafu joto, nyeusi tii, ndefu, imesimama wima kama mlango mwembamba. Pembeni taulo la kuogelea la binti yangu Freya, lenye bata.

"Hilo ni bafu langu."

"Acha utani wako."

"Glenys, hilo taulo nalifua mimi."

Akaacha kutafuna.

Nyumba yenyewe nilikuwa nimepanga. Mwenye nyumba ni Bi Enid, mama wa miaka sabini na kitu. Nilikaa kwake miaka tisa na wanangu wawili, Freya na Declan, tangu baba yao alipojiondokea. Bi Enid aliniahidi kitu kimoja: siku akiamua kuuza, wa kwanza kuambiwa ni mimi. Ahadi ya mdomo, tukinywa chai.

Nikaanza kuweka akiba ya kianzio cha kuinunua, kimya kimya. Shule iko mtaa wa pili. Wanangu hawajui kwingine.

Ndiyo maana radieta ya bafuni ilipooza kwa kutu mwezi wa kumi, nilimwambia Bi Enid aniachie. Nitachagua mpya, nitainunua mwenyewe. Nani ananunulia nyumba ya mtu radieta ya kifahari? Mtu anayejua nyumba itakuwa yake.

Dukani nilikwenda na mdogo wangu, Maxine.

Radieta zilikuwa zimejaa ukuta mzima. Nyingine bapa kama kioo, nyingine za mabomba kama ngazi, nyingine rangi ya dhahabu. Mimi nilikuwa na futi na karatasi: upana wa ukuta, umbali wa bomba hadi bomba, joto linalohitajika chumbani. Nikataka ile nyeupe ya ngazi. Unaanika mataulo manne kwa mpigo.

"Hiyo ni ya hospitali," Maxine akasema. "Chukua hii nyeusi."

"Itaonyesha kila vumbi. Na mataulo naanika wapi?"

"Kuna kijiti hapa cha kuanikia. Bev, hicho ni kitu utakitazama kila asubuhi. Mara moja tu maishani achana na akili za mama mwenye watoto."

"Wewe yanakuhusu nini?"

Akacheka. Kisha akaniuliza kwa nini najihangaisha na nyumba ya kupanga.

Nami mjinga nikamwaga yote. Ahadi ya Bi Enid. Kianzio. Kwamba mwaka mpya ukianza tu naenda benki kuomba mkopo. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Hongera, dada," akasema, akanikumbatia mbele ya muuzaji.

Nikachukua nyeusi.

Sasa sikieni ujinga wetu watu wa huku. Baada ya fundi kuifunga, Bi Enid alinitumia ujumbe: "Kuna mtu atakuja Alhamisi kupiga picha, kipenzi. Natumaini huoni shida."

Nikajibu: "Hamna shida kabisa."

Nilidhani ni mambo ya bima. Nilitaka kuuliza, nikaona nitaonekana mdaku. Huku kwetu kumuuliza mtu habari za nyumba yake ni kama kumuuliza rangi ya chupi yake.

Akaja kunywa chai mara mbili baada ya hapo. Tuliongelea mvua. Akaipapasa radieta, akaisifu. Alikuwa ananitazama kwa huruma fulani hivi. Mimi nikadhani mgongo unamsumbua.

Basi, nikatoka nyuma ya kliniki, nikampigia.

"Bi Enid, umeuza nyumba?"

"Kipenzi, pole sana na benki."

"Benki gani?"

"Maxine aliniambia wamekunyima mkopo. Akasema umeumia, unaona aibu, nisikugusie kabisa. Sikutaka kukutonesha, Bev. Nikaiweka kwa wakala, na nikafurahi ilipochukuliwa na mtu wa kwenu."

"Mtu wa kwetu nani?"

"Si Maxine mwenyewe? Alisema mmeshaelewana, unabaki humo humo."

Nilikuwa sijakanyaga benki.

Nilimuuliza kama anaweza kughairi. Akalia. Mikataba ilikuwa imeshasainiwa na pande zote mbili Ijumaa iliyopita, haivunjiki tena.

Jioni nikaenda kwa Maxine. Sikukaa.

"Nilikuwa nasubiri wakati mzuri nikwambie," akasema.

"Ulimwambia nimenyimwa mkopo."

"Wangekunyima tu, Bev. Mshahara wa mapokezi, watoto wawili, mume hayupo. Nyumba ingenunuliwa na mtu baki, mngetupwa nje. Mimi nimekuokoa."

"Na sasa?"

"Sasa unakaa. Kodi nitaongeza kidogo tu. Wewe ni dada yangu."

Nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu, huyu. Nikachukua koti langu.

Tulihama kabla ya Pasaka. Nimepata fleti ng'ambo ya mji. Declan anapanda mabasi mawili kwenda shule na hajalalamika hata siku moja, jambo linaloniuma kuliko kama angelalamika.

Kabla ya kuhama nilikwenda benki. Nyumba ilikuwa imeshakwenda, lakini nilitaka kujua. Afisa alipitia karatasi zangu karibu saa nzima, akaniuliza nyumba ni ipi. Nikamtajia.

"Kwa nyumba hiyo mkopo tungekupa," akasema.

Wanawake wenzangu, mpango wako wa nyumba mwambie benki kwanza, ndugu baadaye. Na mtu akija na kamera nyumbani kwako, muulize anapiga za nini. Utaonekana mdaku kwa dakika moja. Mimi nilikuwa na adabu, nikaishia kupanga maboksi ya kuhama.