Picha Niliyompelekea Bi Zuwena

Mpaka leo nikipita Ibra, huku Omani, nafunga vioo vya gari, hata jua liwe kali vipi, kwa sababu wapo watu pale wakiniona wanajishika shavu na kucheka, na mimi nimeshakuwa mtu wa mvi na kisukari lakini aibu ile haijazeeka hata kidogo.

Aliyeniponza ni Khalfan fundi redio, namtaja wala simuogopi. Miaka ile ya sabini nilikuwa dereva wa kampuni ya kuchimba visima huko Bidiya, mabosi Wamarekani, na siku moja chini ya kiti cha gari nikaokota kikaratasi kigumu chenye picha ya mchezaji, kijana wa kofia, kashika gongo, shavu moja limemvimba, na chini palipokuwa na jina panya washatafuna. Sisi tuliotoka Unguja, mchezaji mwenye gongo tunamjua mmoja tu, wa kriketi. Nikamwonesha Khalfan, rafiki yangu (rafiki!), akakitazama kitambo.

"Yakhe, humjui huyu? Huyu Salum, kaka yake Bi Zuwena. Wallahi nimemuona kwa macho yangu akicheza Mnazi Mmoja!"

Bi Zuwena ndiye mama yake Asya, na Asya ndiye niliyekuwa nikimtaka mpaka chakula hakipiti. Huyo Salum alikufa mwaka ule wa mapinduzi, na wao walitoka Unguja na nguo za mwilini, hawana hata picha yake moja. Basi na akili zangu za darasa la nne nikaona mlango umefunguka, sikumuuliza mtu mwingine yeyote (na wazee wa kuuliza walikuwa tele), nikakitia kwenye bahasha nikaenda kwao Ibra.

"Shikamoo Bi Zuwena."

"Marahaba mwanangu." Akakishika, akakisogeza karibu na macho. "Mbona mweupe hivi?"

"Picha za zamani hufifia, bibi."

"Na shavu hili?"

Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe, "Ah, jino! Jino lile lilimtesa, maskini!" akalia, akaibusu ile picha, na mimi nikalia naye (kwa furaha, Mungu anisamehe, nilishajiona bwana harusi).

Akaipeleka kwa Mhindi mpiga picha ikakuzwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa majlisi, pale wanapokaa wageni, Salum akasomewa khitma, na jirani akija kunywa kahawa lazima kwanza aoneshwe Salum.

Siku ya posa ami yangu akaja na wazee kutoka Nizwa, halwa iko katikati, na Khalfan yupo (nilimwalika mwenyewe!). Maneno yamekaribia kwisha, yeye akatazama ukutani, akatia mkono mfukoni.

"Bi Zuwena, Salum wako ana pacha kambini kwa Wamarekani. Mpishi wao kanipa. Na shavu lile si jino, ni tumbaku, wanaitafuna wakicheza."

Akatoa kikaratasi kingine kama kile changu, lakini kizima, jina lipo. Akaitwa Asya anayejua Kiingereza, akasimama mlangoni akasoma taratibu, "Frenki. Mchezaji wa besiboli. Amerika."

"Si wewe uliyenambia ni Salum!" nikapiga kelele.

"Mie nilikufanyia mzaha, yakhe! Nani kakutuma ukapose na mzaha wangu?"

Wazee wakaangua kicheko, ami yangu mwenyewe akapaliwa na halwa.

Bi Zuwena hakucheka. Aliishusha fremu, akaiweka mapajani, akaitazama tena. "Basi mie nimeisahau sura ya ndugu yangu," akasema. Kicheko kikakatika. "Na sasa kila nikifumba macho namuona huyu."

Hakunitukana, na bora angenitukana. Alisema tu, "Ondoka, mwanangu," na ami akachukua bakora yake akatoka bila kunitazama.

Asya aliolewa Sur. Bi Zuwena alikufa, na sijui alikufa akimuona nani. Siku hizi mtu akinijia na picha ya zamani, "Hebu tazama, huyu nani?" namrudishia hapo hapo. Simjui. Hata akiwa baba yangu mzazi, simjui.