Dawa Tuliyogawana na Mutalemwa

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya mvua kule Kaagya ambayo hainitoki moyoni. Nilikuwa kijana wa kupalilia migomba ya baba, na siku hiyo nimelala na homa, meno yanagongana. Rafiki yangu Mutalemwa akaingia, naye anatetemeka vilevile, ila anacheka. Alikuwa ametoka zahanati na klorokwini yake. Akaigawa nusu kwa nusu palepale kitandani.

"Meza, waitu, ndugu yangu," akasema. "Si tulikula tunda moja?"

Usishangae. Zamani marafiki walioshibana waliapa undugu kwa kahawa: tunda moja lina punje mbili, basi kila mmoja humeza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Ukishameza, huna tena chako peke yako. Hata ndizi ya gonja ya kuchoma tuliikata katikati, sembuse dawa?

Homa ikatushuka wote. Baba aliposikia tulivyofanya akawaka. Mzee yule, Mungu amrehemu, hakujua kunong'ona. "Dawa ya mmoja haiponyi wawili! Rudini zahanati leo hii!" Tukamwitikia kwa heshima, tukaenda kumcheka migombani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini ujanani kila mtu hudhani guu ni la mwenzake.

Mimi nilipona. Mutalemwa homa ilimrudia akiwa ukweni Kagoma, ikampanda kichwani. Tulimzika kahawa ikiwa bado mbichi. Nimepata marafiki wengine tangu hapo, watu wema kabisa, lakini nina hamu naye mpaka leo. Nikishika kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, mkono bado unataka kumpitishia.

Ndiyo maana nimekuita, baada ya kuona vidonge ulivyofunga kwenye karatasi umpelekee rafiki yako kule Muleba. Umepata nafuu, naye anaumwa. Moyo wako mzuri, naujua. Lakini shangazi yako muuguzi amenieleza. Vijidudu vya malaria ni vingi mno, na mara mojamoja huzaliwa kimoja ambacho vinasaba vyake vimebadilika, kikaweza kuvumilia dawa. Ukimeza nusu, vinyonge vinakufa, hicho sugu kinabaki kuzaliana, kisha mbu anakipeleka kwa jirani. Hivyo ndivyo klorokwini ilivyoshindwa. Sasa hata kwa dawa mseto, huku kwetu Kagera, wataalamu wameshaona vijidudu vinavyochelewa kufa. Hii nayo ikituponyoka, tutakimbilia wapi?

Basi fungua hiyo karatasi, umalize dozi yako, hata kama una nguvu za kucheza mpira. Rafiki yako akapimwe, apewe yake kamili. Ukitaka kumgawia kitu, mgawie siku yako: mshike mkono, kaa naye kwenye foleni hadi aitwe.

Mungu akupe miaka kama yangu, mwanangu. Akuachie na huyo rafiki yako, mzeeke pamoja.