Uzio wa Lantana wa Mama

Naona aibu kuandika kwamba lantana, ule mmea vamizi niliokuwa naung'oa msituni kila Jumamosi, ndiyo iliyokuwa uzio wa nyumba yetu ya mjini, mtaa wa Mafiga. Mama ndiye aliyeipanda. Mimi niliikata kwa panga na kuinyoosha kwa kamba mpaka majirani wakaisifu.

Kazi ya hifadhi nilijifunza mwenyewe, kwa simu na kwa kuuliza. Kule kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, nilikokwenda na kikundi cha kujitolea, nilikuwa msumbufu: mwenzangu akiacha mzizi, narudi nyuma yake kuuchimba. Niliwahi kuwaambia wanakikundi, wengi wao wakubwa kwangu, kwamba ndege hula yale matunda meusi kwenye uzio wa watu mjini na kuja kuangusha mbegu msituni, na kwamba mwenye uzio wa namna ile anatuharibia kazi. Hakuna aliyebisha.

Kisha mama akafanyiwa upasuaji wa tumbo, na kikundi kikasema kitakuja Jumapili kumjulia hali. Niliwaza watakachosema wakiuona uzio. Asubuhi hiyo, mama akiwa bado ndani, niliung'oa wote, kuanzia barabarani hadi kwenye bafu letu la nje. Bafu lile halina mlango. Lantana ndiyo iliyolisitiri.

Wageni walifika, wakasimama barabarani wakitazamana. Mwenyekiti wetu, mama wa makamo ambaye kwa kabila ni mtani wetu, akauliza, "Sasa hapa hodi tunapigia wapi?"

Wakacheka. Mama alikuwa kibarazani amejifunga khanga moja, akahangaika kujifunika vizuri. Wapita njia nao waligeuka kumtazama.

Walipokwisha kumpa pole, mwenyekiti aliniuliza kwa upole mbona sikupanda kitu kingine kwanza. Hata kwake lantana ipo, alisema, anaitoa kidogo kidogo huku michongoma aliyoipanda badala yake ikikua.  Mama ndiye aliyenijibia.

"Mwacheni. Aliona aibu."

Hakusema aibu ya nini. Nadhani alidhani ninamwonea aibu yeye, na mbele ya wageni nikashindwa kumsahihisha. Hata walipoondoka sikumsahihisha.

Jioni alitaka kuoga. Alinipa khanga niitandaze mlangoni pa bafu, nami nikasimama nimempa mgongo, mikono juu nimeishika, nikisikia anavyojimwagia maji polepole kwa kuogopa kidonda.

"Kuna watu wanapita?" akauliza.

Nikamwambia hakuna. Walikuwa wanapita.