Waridi Halikufa kwa Jicho

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, waridi la manjano la bibi yangu lilipodondosha jani lake la mwisho. Kabla jani hilo halijafagiliwa, mtu wa kulaumiwa alikuwa amekwisha patikana. Nakuandikia haya ungali unanyonya, kwa sababu hasira yangu haiwezi kungoja ukue.

Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa ya vyumba sita. Uani, ukutani, bibi alipanga madebe ya mafuta ya taa, kila debe na waridi lake. Alitoboa matundu chini kwa msumari, akatandika makumbi ya nazi, akajaza udongo na samadi ya mbuzi iliyokauka. Waridi la kienyeji lilikuwa na rangi ya ufizi wa mtoto. Lilinukia asubuhi, na ikifika adhuhuri limepukutika. Hilo ndilo la vikuba, vishada vya kunukia vya kuvaa kifuani, na la kutia sandukuni kwenye nguo. Jeupe lilichanua kwa vichala. Jekundu lilikuwa maringo matupu, harufu hakuna. La manjano alipewa kijiti chake na Mama Kanti, jirani yetu Mhindi, ambaye alfajiri alikuja kuchukua maua ya ibada yake na akatukataza kuyanusa, maana kwao ua lililokwisha nuswa halitolewi tena. "Hata marehemu mume wangu hakuwa na wivu hivyo!" bibi alimwambia, wakacheka wote wawili.

Lakini mgeni wa kila alasiri alikuwa Bi Salima, mpangaji wa nyumba ya jirani, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Alileta makapi ya chai na maganda ya mayai kwa ajili ya maua, akakaa kwenye kibao, akayasemesha. "Wee mwekundu, wajivuna nini na hunukii?" Na kila aliposifu alisema Mashaallah. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Lishike hilo, maana baadaye wanawake waliapa kwamba hakusema.

Kiangazi kile bomba la mtaani lilitoa maji kwa kusuasua, na kuyapata ilikuwa ugomvi. Maji matamu tukayaweka ya kunywa na kupikia. Maua yakamwagiliwa ya kisima cha uani, maji ya chumvi ambayo hata sabuni haikutoa povu ndani yake. Majani yakaungua pembeni kama karatasi iliyopitishwa motoni. Likafa jeupe, likafuata la kienyeji, kisha la manjano. Na siku hizo hizo mama alikuwa amejifungua mdogo wangu.

Hapo midomo ikafunguka.

"Jicho lile! Limekausha mti wenye miiba, kitoto kichanga kitapona?" alisema shangazi.

Mwenzake akadakia, "Tumbo lisilozaa, njaa yake huhamia machoni."

Walisema hivyo huku wanachagua mchele, mwanangu, bila hata kuinua nyuso.

Nilikuwa msichana wa shule, na mdomo nilikuwa nao. Niliona ukoko mweupe kwenye kingo za madebe, nikaukwangua kwa kidole, nikauonja kwa ulimi. Chumvi. Nikamwendea bibi na kidole changu. "Onja, bibi. Ni maji." Akasema, "Shule imekupa mdomo, akili imekunyima." Nikakisogeza kidole karibu na midomo yake. Nikala kofi.

Siku ya arobaini ya mdogo wangu Bi Salima alikuja na kikofia alichokishona kwa mkono. Bibi akasimama mlangoni, akajaza mlango mzima.

"Mtoto amelala," alisema.

Na mtoto papo hapo akalia, tena kwa nguvu.

Hakuna aliyecheka. Bi Salima alitazama pazia, akamtazama bibi, akaweka kikofia juu ya baraza. "Basi akiamka mnisalimie."

"Ameamka!" nikafoka. "Si mnamsikia nyote?"

Na unajua nani alinikemea? Yeye. "Mwanahawa, usimvunjie bibi yako heshima kwa ajili yangu. Subira, mama. Maneno huchoka yenyewe."

Hayakuchoka. Watu wale wale waliotufundisha kwamba mchawi mpe mwana kulea walimnyima mwanamke mwema hata kumpakata mtoto. Kila alipopita, watoto wa mtaa wakawa wanaitwa ndani. Mwisho alitia vyombo vyake kwenye mkokoteni, akahamia mtaa wa Gerezani kwa ndugu yake, huko kwenye nyumba za karibu na reli.

Mvua zikaja. Ziliosha madebe siku baada ya siku, na waridi jekundu, lililokuwa limebaki kijiti, likachipua. Nikadhani sasa wataona. Walichokiona ni hiki: "Si unaona? Ameondoka, na ua limepona."

Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nasema lisemwalo sana huletwa na wanaolisema.

Nilipokuwa na mimba yako nilikwenda Gerezani, nimebeba kopo lenye waridi changa la kienyeji. Nilibisha hodi, nikasema shikamoo. Aliitikia marahaba vizuri tu. Aliponiona tumbo akajifunika uso kwa kanga, akageukia ukutani.

"Lirudishe, mwanangu. Nitaliua."

"Bi Salima, ilikuwa chumvi. Mimi niliionja."

"Wewe ni mmoja, mama. Wao walikuwa mtaa mzima."

Tulizungumza kitambo kirefu, mimi nikiutazama mgongo wake. Mtaa ulimwambia ana jicho mpaka akaamini. Mpaka leo hajakuona. Nimekupeleka zaidi ya mara moja. Husema nami akiwa nyuma ya mlango, anauliza unaendeleaje, wala hafungui. Na juzi mwanamke mmoja kaniletea hirizi nikufunge mkononi, eti kuna mpangaji mgumba hapa kwetu. Nilimtupia hirizi yake nje.

Basi usia wangu ni huu. Panda maua unayoyapenda, yenye harufu na yasiyo na harufu, na likifa moja chunguza udongo wake na maji yake kabla hujachunguza sura ya jirani. Na ukisikia mtu anasingiziwa, usinyamaze kwa kuwa wasemaji ni wakubwa zako. Waamkie, kisha uwapinge. Heshima inayomwacha mtu aangamie ni woga tu uliovishwa buibui. Kofi litauma na litapoa. Wala usimwachie anayeonewa kazi ya kusubiri. Sema mapema, angali anajijua kuwa hana kosa.

Mungu akukuze, mwanangu. Akupe ulimi usiotetemeka na mikono isiyomkimbia mtu. Na amjalie Bi Salima, kabla macho yake hayajafumba, afungue mlango akutazame mpaka aridhike.