Mafuta ya Bibi na Dawa ya Nywele za Dada

Harufu ya tui linalochemka mpaka litoe mafuta bado hunirudisha uani kwetu Muyeye, miaka ile ya themanini. Bibi, mama yake mama, aliyachuja mafuta yale yangali moto, akatia maua ya asumini na mkadi, akayaweka chupani kwa kazi zote: nywele, mbavu zinazouma, mtoto aliyeungua kwa chai. Kila Alhamisi alitukalisha mkekani akatusuka, dada Mwanaidi kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Nywele za dada zilikuwa nyingi hata vitana vilivunjikia humo, naye alijisifu nazo bila haya. Nilimwonea wivu, sifichi.

Nilipokuwa darasa la sita, dada aliposwa. Siku ya kupambwa angekaa kichwa wazi mbele ya wanawake wote, naye alitaka nywele zilale kama za bibi arusi wa jirani. Shangazi akamletea kopo la dawa ya kunyoosha nywele kutoka Mombasa. Asubuhi hiyo Bibi alikuwa amemkosha kichwa na kumkuna mba kwa kitana mpaka ngozi ikawa nyekundu, kwani kwetu bibi arusi husuguliwa akatakata. Hatukujua kuwa ngozi iliyokwaruzwa haitiwi dawa ile. Haukupita muda tangu apakwe, dada akasema, "Bibi, yaniwasha." Bibi akajibu, "Vumilia, mwanangu. Mtieni mafuta, yatampoza." Mimi, msomaji wa pekee pale, nilikuwa nimeshika karatasi ya maagizo. Ilikuwa kwa Kiingereza chepesi: ikiwasha, osha mara moja kwa maji mengi. Lakini nilifunzwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi nikanyamaza. Tukamimina mafuta juu ya dawa, nayo ikaendelea kula chini yake. Nilisikia la mkuu, na aliyevunjika ni dada.

Nywele zilitoka mafungu mafungu. Alipambwa akiwa amefungwa mtandio mpaka nyusini, macho chini, na wageni wakamsifu kwa haya zake. Bibi hakuchemsha tena tui la mafuta mpaka alipofariki.

Leo nina saluni mjini Malindi, na maduka yamejaa kondishna za kila harufu, hata ya nazi. Nawaambia wateja wangu kuwa kondishna haiponyi unywele, maana unywele hauna uhai. Hushika pale ulipochakaa, ikaulainisha usikatike. Itie kwenye ncha, si kwenye kidonda, kisha uisuuze vizuri. Na dawa ikiwasha, maji kwanza. Dada huja Ijumaa moja moja nimwoshe zilizobaki. Nyuma ya sikio pana upara wa upana wa kiganja, hapajaota kitu tangu siku ile. Mwezi uliopita, nikiwa nimesimama nyuma yake, nilimwambia, "Dada, ile karatasi niliisoma."

Alikuwa amefumba macho. "Najua," akasema. "Niliiona midomo yako ikisoma. Nikangoja useme."

Nikaendelea kusuuza, ingawa maji yalikuwa yametakata zamani.