Filimbi Yavuja

Mume wangu alikuwa akipuliza filimbi ya chuma, ile ndefu yenye vifuniko, kwenye kikundi cha taarabu hapa Kisauni. Uhuru ulipokaribia, sauti ikaanza kumkatikia katikati ya wimbo. "Inavuja," akasema, na tangu siku ile nyumba yangu ikageuka karakana.

Kila kifuniko kina ngozi chini yake ya kuziba tundu, na springi nyembamba ya kukiinua. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma. Springi zikaliwa na kutu, zikakatika. Bwana akaanza kuniibia sindano. Mimi nilikuwa nashona kofia, ndizo zilizotulisha, na yeye anavunja sindano zangu nzuri azitie kwenye filimbi. Nilimsema weee, mpaka nikachoka. Alikohoa tu, akaendelea kuzipinda kwa koleo.

Wenzake wakamwambia kuna harusi Mtopanga, Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha. Filimbi isipotengemaa, watatafuta mpulizaji mwingine. Siku ile hakula. Hasira zikaniisha, nikaanza kumsaidia.

Tulikuwa tukitia karatasi ya sigara chini ya kifuniko, yeye akibonyeza, mimi nikivuta. Karatasi ikiteleza, basi hapo panavuja. Vilivyovuja tukavibadilisha ngozi, kimoja kimoja, mpaka hakikubaki hata kimoja. Karatasi ikawa haitelezi tena, inanikatikia mkononi. Akapuliza. Sauti ikatoka, ikalegea, ikafa. Akaketi, kifua kinapanda na kushuka.

"Bado, kuna mahali inavuja," akaniambia. "Vuta tena."

Nikavuta tena.

Harusi ilipokaribia alikuja rafiki yake aliyejifunza naye kupuliza ujanani. Mume wangu alikuwa chumbani, homa imemlaza. Nikamletea mgeni filimbi barazani. "Hebu shemeji, nitafutie wewe panapovuja."

Akaipangusa, akapuliza. Wallahi, sauti ilijaa nyumba nzima. Ilipanda, ikashuka, ikatulia palepale alipotaka yeye, na jirani akafungua dirisha asikilize. Kisha akaiweka mapajani, akautazama mlango wa chumbani.

"Shemeji, filimbi hii haivuji popote," akaninong'oneza.

Nilijua. Nadhani nilijua tangu karatasi ilipoanza kukatika, ila sikutaka kuwa mimi wa kulisema.

Mume wangu akaniita. Nilimkuta ameinukia viwiko, ametota jasho, anacheka.

"Umesikia? Imepona."

"Naam, imepona," nikamwambia. Nikamfuta uso, nikageuka kabla hajaniona machozi.

Harusi ile alipuliza rafiki yake, kwa filimbi ya kuazima. Mume wangu nilimwambia imeahirishwa. Akamshukuru Mungu, akasema kuna springi moja bado haimridhishi, akaniomba sindano.

Nikampa pakiti nzima.