Ufunguo Tumboni mwa Papa

Nicodemus Wesonga si mtu wa pwani, tusidanganyane. Alizaliwa Voi, kwenye nyumba za reli, baba yake akiwa fundi aliyetoka Busia, na bahari aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na miwili. Lakini nenda visiwa vile vya kaskazini, karibu na mpaka, kule ambako hata maji ya kunywa hubebwa kwa mitungi, uulize nani alikuwa akivua papa kama kichaa. Watakuambia ni yule Mluhya wa Voi.

Baharini walienda wawili, yeye na mdogo wake, Morris. Yeye ndiye aliyemshawishi. Mama yao Selpha, mjane, alimpa kila mmoja ufunguo wa nyumba yake, wauvae shingoni kwa uzi, waingie saa yoyote watakayorudi.

Juma la tatu walimnasa papa wa ajabu. Nahodha alikuwa amewaonya tangu siku ya kwanza: mtu asisimame ndani ya kamba iliyokunjwa. Morris, kwa furaha ya kumwona yule samaki, akasimama hapo hapo. Papa akavuta, kamba ikamnasa mguu, Morris akaenda naye majini. Basi. Wesonga alibaki na rungu mkononi, akimwita mpaka sauti ikakauka.

Kwao, maiti isipopatikana, huzikwa shina la mgomba mahali pake, watu walie wamalize. Wazee walipolitaja jambo hilo, Selpha aliwafukuza uani. "Mimi sikuzaa mgomba! Nileteeni kitu cha mwanangu, hata kiwe kidogo namna gani, ndio nizike."

Maneno hayo yalimmaliza Wesonga. Papa wamemla, akawaza; nguo huoza, lakini chuma hakisagiki tumboni. Akarudi baharini kuutafuta ule ufunguo. Miaka sita, jamani! Kisiwa hadi kisiwa, akilala mchangani, akinywa maji ya visima vyenye chumvi, akimpasua kila papa mwenyewe na kuzamisha mikono hadi viwiko. Alikuta magamba ya kasa, chupa, ndala ya mtoto. Mara moja mashua ilipinduka akaelea siku mbili. Mara nyingine papa waliyedhani amekufa alimnyofoa vidole viwili. Wenzake walimcheka, halafu wakaacha kucheka. Nyumbani hakumwambia mtu anatafuta nini. Alisema anavua tu.

Mwaka jana akapigiwa simu: mama hainuki kitandani, na kutwa anamwita Morris. Hapo Wesonga akakata tamaa kabisa. Akavua ufunguo wake mwenyewe shingoni, akauloweka katika maji ya chumvi mpaka ukashika kutu, akaja nao Voi.

"Nimeutoa tumboni mwa papa, Mama."

Selpha aliushika, akaugeuza huku na huku, akaagiza uzikwe. Kaburi likachimbwa nyuma ya nyumba, pasta akaitwa, yeye akabebwa nje kwenye kiti. Alilia kilio ambacho majirani hawajakisahau. Wesonga aliona haya hata akatamani afukiwe yeye.

Watu walipotawanyika, Selpha akamtuma amletee kopo kuukuu la majani chai lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na ufunguo unaong'aa, na uzi wake.

"Wa Morris huo," akasema. "Aliusahau kwenye msumari asubuhi ile mlipoondoka. Tuliozika leo ni wako."

Wesonga akaketi sakafuni. "Mama! Ulijua, na ukazika?"

"Nilitaka uache bahari, Niko. Nilitaka mmoja wenu arudi."

"Miaka sita nimeutafuta huu. Nimepasua papa wote wale..."

"Hukuniambia, mwanangu," Selpha akasema, naye analia tena. "Uliniambia unavua."

Wesonga akajaribu kuufunga uzi wa ufunguo ule shingoni mwake, lakini vidole vilivyobaki vilimshinda. Mama yake akamwambia asogee, akamfungia.